Besi Juu ya Kiti

Mimi ni wa dirishani. Dirisha la tatu, la dawa,
hapa hospitalini Dagoretti, ukiipita kliniki ya akina mama.
Kazi yangu ni kuhesabu: thelathini, sitini, tisini,
kutikisa kopo, kuandika tarehe, kutotikisa kope.
Majina nayajua. Ulimi nimeutia kufuli.

Jumamosi hii ya Julai baridi inang'ata masikio,
na wagonjwa wametoka wodini na blanketi mabegani
kama maaskofu.
Hema ni la kukodi, bado lina utepe wa harusi ya jana.
Tiketi ni shilingi mia mbili; asiye nazo aje na kilo ya unga.

Kizito Wabwire amekuja na tarumbeta lake,
na vijana wanne wasiomjua Odanga,
na gitaa la besi aliloliketisha juu ya kiti cha plastiki,
akalivisha koti lake mwenyewe.
Hakuna atakayelipiga.

"Mwaka wa elfu mbili na moja," anasema, na maikrofoni inakoroma,
"dawa ilikuwa na bei ya ng'ombe, kila mwezi ng'ombe,
nasi bendi hatukuwa na zizi.
Tukauza spika ya kushoto: Novemba.
Tukauza ya kulia: Desemba, akala Krismasi akicheka.
Seti ya ngoma ikatupa Januari na wiki mbili.
Amplifaya, Februari.
Watu wakanong'ona, Odanga amekanyaga waya.
Kweli alikanyaga! Miaka kumi na mmoja jukwaani
waya za besi zilimzonga miguu kila usiku
na hakuna aliyekataa kucheza."

Kicheko kikapita, cha watu waliojuana kwenye foleni.

"Likabaki hili. Mnunuzi alikuja Machi, pesa mkononi.
Odanga akalikumbatia, akasema, mkiliuza hili
mtakuwa mnamnunulia nani dawa?
Nikamsikiliza. Nilikuwa mjinga au rafiki, sijui.
Gitaa hili ni mwezi mmoja
ambao sikuununua."

Kisha akapuliza.

Nyimbo hazikuwa na chini. Tarumbeta likapaa,
gitaa la rithimu likachekacheka pembeni,
lakini pale besi ilipozoea kutembea
palikuwa na shimo, na shimo lilikuwa na mapigo yake.
Mama Kemunto wa kitanda cha saba ndiye aliyeanza:
kisigino, sakafu ya mbao. Kisigino.
Wakafuata malapa, ndara, buti za askari wa lango,
mpaka hema zima likawa linatembea chini ya wimbo
kwa miguu isiyo na soksi.

Saa tatu kamili simu ya mtu ikalia.
Ya pili, jogoo. Ya tatu, kengele ya kanisa.
Kisha mia na ushei, kila moja na wazimu wake:
saa tatu ya dawa, ile niliyowaandikia mimi
kwa kalamu ya bluu juu ya kopo.
Chupa za maji zikafunguliwa. Mtu akamkopesha jirani funda.
Vijana wa bendi wakatazamana.

Kizito akashusha tarumbeta.
Akaliendea gitaa, akapapasa mfuko wa lile koti,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.
Ndani, kidonge kimoja.
Akakimeza bila maji, mbele ya wote,
akafuta midomo, akahesabu, moja, mbili,
wimbo ukaendelea pale ulipokatikia.

Miaka tisa naijua namba ya faili lake.
Miaka tisa anakuja alfajiri, kofia imeshuka hadi nyusi,
akisema anamchukulia binamu.
Nami humuuliza, binamu anaendeleaje?
Anaendelea, hunijibu. Anakohoa kidogo. Anakusalimu.

Ndoo ya michango niliihesabu mimi, nani tena:
elfu arubaini na moja na mia sita,
na kifungo kimoja cha shati.

Jumatatu amekuja saa nne,
katikati ya foleni, kofia mkononi.
Sikumuuliza habari za binamu.
Nikajaza kopo, nikalitikisa kwa mazoea, likalia kama kayamba,
naye, upande wa pili wa kioo,
akajibu kwa kisigino.